Kutambua na Kufufua Vyungu na Vikaango vya Chuma vya Zamani

Chungu cha kwanza nilichokifufua nilikikuta chini ya mchirizi wa paa la bati, nyumbani kwa bibi yangu kule Mwakaleli, wilayani Rungwe. Kilikuwa na miguu mitatu, kimejaa maji ya mvua hadi shingoni, na kuku walikuwa wakinywea humo. Nilipomwuliza asili yake, bibi alinijibu kwamba babu alirudi nacho kutoka kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kikiwa kimeviringishwa ndani ya blanketi, na kwamba kilipika ugali wa misiba yote ya ukoo mpaka sufuria nyepesi za alumini zilipojaa madukani. “Kichukue, mjukuu wangu,” akasema, “ila kuku wangu uwaletee beseni.”

Vyombo vya namna hiyo bado vimetapakaa katika Nyanda za Juu Kusini. Vimo katika stoo za misheni, katika majiko ya zamani ya mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, katika nyumba za watu ambao wazee wao walichimba dhahabu Lupa au walikwenda kusini kutafuta kazi, na zaidi ya kote vimo kwenye marundo ya wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako hupimwa kwa kilo pamoja na vipande vya injini. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvitambua, kuvikagua, kuvisafisha na kuvirudisha jikoni. Nauandika nikiwa na neno moja ambalo nimejifunza kwa hasara: kutu huila chuma polepole na juu juu tu, ilhali mtu anayekiokoa chombo kwa pupa hukimaliza kwa nusu saa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni chuma cha kumimina

Chuma cha kumimina, au chuma cha kusubu, ni chuma chenye kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, kilichoyeyushwa kikawa kama uji na kumiminwa katika kalibu, yaani umbo la kumiminia, ya mchanga. Kaboni hiyo hushusha kiwango cha kuyeyuka kutoka nyuzi 1,538 za chuma safi hadi nyuzi 1,200 hivi, jambo linalorahisisha kumimina, lakini pia hukifanya chuma kiwe kigumu kisichokubali kupinda. Kikielemewa, hupasuka. Wahunzi wa zamani wa pande hizi, wakiwamo Wafipa waliojenga tanuri ndefu za udongo, hawakuyeyusha chuma hadi kikawa maji; walipata bonge ambalo walilifua kwa nyundo likawa jembe, shoka au mkuki. Kwa hiyo chungu cha chuma cha kumimina ni mgeni aliyefika kwa meli, kwa reli au mgongoni mwa mtu, akakaa jikoni kando ya vyungu vya udongo vya Wakisi wa Ziwa Nyasa.

Beba sumaku, hata ile iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Isiponata, chombo hicho ni alumini, na hakuna hatua yoyote ya mwongozo huu inayokihusu. Ikinata, bado hujamaliza, kwa sababu chuma cha bamba, kile cha makarai ya kukaangia chipsi, nacho huvutwa na sumaku. Hapo tazama unene wa ukingo: chuma cha kumimina huwa na milimita 3 hadi 5, na kikaango chenye upana wa sentimita 26 huwa na uzito unaozidi kilo 2. Tazama pia mkono. Wa bamba hupigiliwa ribiti au huchomelewa, lakini wa chuma cha kumimina umezaliwa pamoja na mwili, bila kiungo chochote. Mwisho pitisha kidole upande wa nje penye kivuli, ambapo msasa wa kiwandani haukufika, nawe utahisi chembechembe za mchanga wa kalibu.

Chungu cha miguu mitatu huwa na mstari ulioinuka kidogo kutoka mdomoni hadi kitakoni, mara nyingi pande mbili zinazokabiliana. Wanunuzi wageni huudhania kuwa ni ufa, wakakirudisha. Ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, na ni dalili njema.

Hatua ya pili: soma asili na umri

Hapa ndipo penye uongo mwingi zaidi. Ukiuliza sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kila chombo kizito na cheusi ni “cha Mjerumani”, na neno hilo peke yake huongeza bei mara tatu, hasa muuzaji akishachanganya na habari za rupia, fedha za enzi za Mjerumani. Mzee mmoja alinionyesha kikaango chenye tarakimu 8 kitakoni, akanihakikishia kwamba kilitengenezwa mwaka 1908. Nilimjibu kwa adabu kwamba jirani yake alikuwa na kingine chenye tarakimu 12, na kwa hesabu hiyo vilipishana miaka minne tu. Tarakimu moja au mbili juu ya chombo cha chuma kwa kawaida ni namba ya ukubwa. Katika vyungu vya miguu mitatu vya Afrika Kusini, kwa mfano, namba 1 huchukua lita 3 hivi na namba 3 huchukua karibu lita 8.

Maandishi yenyewe hufichwa na masizi. Usiyakwangue kwa kisu. Paka chaki juu yake, futa kwa kitambaa kikavu ili chaki ibaki ndani ya mabonde ya herufi, kisha mulika kwa tochi ukiilaza pembeni. Kivuli kitazisoma herufi ambazo jicho halikuziona mchana. Njia nyingine ni kuweka karatasi nyembamba na kusugua kwa penseli, kama watoto wanavyonakili sarafu.

Jina la nchi huzungumza kuliko jina la kampuni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa zilikotoka, kwa hiyo chombo chenye maneno “Made in Germany” hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, na chenye “West Germany” ni cha baada ya 1949, miaka thelathini na zaidi tangu Wajerumani waondoke kwenye boma lao la Neu-Langenburg, ambalo leo ni Tukuyu. Neno “Rhodesia” linaashiria kipindi cha kabla ya 1980. Ujazo ulioandikwa kwa galoni, ambayo kwa kipimo cha Kiingereza ni lita 4.5 na ushei, unaelekeza kwenye enzi za ukoloni au miaka michache baada yake, wakati ujazo wa lita ni wa karibuni zaidi au umetoka bara la Ulaya.

Kwa upande wa majina, chombo cha Uingereza kinaweza kuwa cha Falkirk au Carron, viwanda vya Scotland ambavyo cha pili kilianza mwaka 1759, au cha Kenrick wa West Bromwich, kilichoanzishwa mwaka 1791. Vikaango vya Marekani vya Griswold na Wagner, ambavyo wakusanyaji wa ng’ambo huvigombania, ni nadra sana huku; mimi sijawahi kushika hata kimoja. Lodge ya Tennessee ilianza mwaka 1896 na ingali inatengeneza, hivyo jina hilo peke yake halithibitishi uzee.

Vyombo vingi havina jina lolote. Hapo geuza kitako. Kovu jembamba lililonyooka katikati ya kitako ni mahali chuma kilipoingilia kwenye kalibu, na kwa kawaida ni alama ya karne ya 19. Kovu la duara ni la zamani zaidi. Kama kovu halipo, bali ukingo una sehemu iliyosagwa, chombo hicho kilimiminwa kwa kuingizia chuma ubavuni, utaratibu wa karne ya 20. Tazama pia ndani. Viwanda vingi vya zamani vilisaga upande wa ndani ukawa laini kama kioo, na vipya vingi huacha ukwaru wa mchanga. Chombo chepesi kidogo kuliko ulivyotarajia, chenye ndani laini, kichukue hata kama hakina jina.

Hatua ya tatu: kataa visivyofaa kupikia

Hatua hii ni fupi lakini haina mjadala. Chungu cha chuma huvumilia moto mkali, na kwa sababu hiyo watu wengine wamekitumia kuyeyushia risasi, yale madini laini mazito ya kijivu. Kandokando ya Ziwa Nyasa risasi hutumika kama uzito wa nyavu. Niliwahi kununua Kyela chungu kidogo kizuri ajabu. Nilipofika nyumbani nikaona chini ndani kuna matone ya kijivu yanayong’aa, nikayakwangua kwa msumari, nao ukazama kama katika sabuni. Risasi haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchoma, na sumu yake huwaumiza zaidi watoto. Chungu kile kipo dirishani, kimeoteshwa ua.

Kataa vilevile chombo kilichotumika kukorogea dawa za kahawa au za chai, na chenye enameli ya zamani iliyobanduka ndani. Vipande vya enameli huingia kwenye chakula, na baadhi ya enameli za kale zilichanganywa na risasi. Enameli ikiwa nje tu na ndani ni chuma kitupu, na hakuna inayomomonyoka, unaweza kuendelea.

Hatua ya nne: tafuta ufa kabla ya kufungua pochi

Ning’iniza chombo kwa kamba, au kishike kwa ncha ya kidole kupitia tundu la mkono, kisha kigonge taratibu kwa mwiko. Kizima hulia kama kengele na sauti hukawia kufa, lakini chenye ufa hutoa mlio mfupi uliochoka. Kipande kikubwa cha kutu au masizi mazito huweza kuififisha sauti, kwa hiyo jibu baya lihakikishwe kwa mafuta ya taa. Paka mafuta ya taa sehemu unayoishuku, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke kabisa, halafu sugua chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda polepole na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe wa chaki. Nimekaa nikautazama mstari kama huo ukitembea kutoka ukingoni kuelekea katikati, unywele baada ya unywele, katika kikaango ambacho macho yangu yalikuwa yameshakipitisha.

Chombo chenye ufa kiache. Mafundi wa kuchomelea watakuambia kwamba kazi hiyo ni ndogo, lakini chuma cha kumimina kinahitaji kupashwa joto chote kwanza, kuchomelewa kwa fimbo maalumu na kupozwa kwa saa nyingi, na hata hapo ufa hurudi kando ya kiraka. Aidha, baadhi ya madini ya kuungia hayapaswi kugusa chakula.

Kisha kilaze kikaango juu ya kioo au sakafu iliyonyooka, ukibonyeze kila upande. Kinachobembea kidogo kitafaa kwa mafiga na jiko la mkaa, lakini kwenye jiko la umeme lenye bamba kitakusumbua daima. Madoa mekundu yaliyofifia, yasiyotoka yakisuguliwa, maana yake chombo kiliwahi kuungua kupita kiasi. Kinaweza kutumika, lakini mafuta hayatashika vizuri hapo, na bei yake ishuke.

Hatua ya tano: ondoa uchafu wa zamani

Gamba jeusi lililopo juu ya chombo cha zamani ni mchanganyiko wa mafuta yaliyokauka, masizi na chakula. Namna inayopendekezwa na karibu kila mtu ni kukitupa chombo ndani ya moto mkubwa mpaka kiwe chekundu. Naomba usifanye hivyo. Joto lisilo sawa hukipinda kitako, hufungua nyufa, na huacha yale madoa mekundu niliyoyataja. Njia ya pili inayopendwa ni mashine ya kusagia chuma, nayo nilishaijaribu kwa gharama yangu. Kikaango nilichokinunua Mashine Tatu, Iringa, nilimpelekea fundi mmoja akisafishe kidogo tu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kilikuwa kinang’aa kama kijiko, maandishi yote ya kitako yamefutika, na ndani kuna mikwaruzo ya duara ambayo mayai huing’ang’ania hadi leo.

Njia sahihi ni kostiki soda, inayouzwa katika maduka ya malighafi za sabuni. Hula mafuta yaliyokauka na haigusi chuma. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko, iwe nzima na nene, uweke maji baridi lita 18 hivi, kisha umimine gramu 450 za kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Kostiki ndiyo inayoingia ndani ya maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, mchanganyiko utachemka ghafla na kukurukia. Vaa glavu za mpira ndefu, miwani ya kufunika macho na viatu vilivyofungwa, ufanyie kazi nje, na watoto na kuku wasiwe karibu. Ikikugusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu.

Jambo la kutilia mkazo kwa majiko yetu ni kwamba sufuria, beseni na vijiko vya alumini visikaribie ndoo hiyo. Kostiki huila alumini kwa nguvu, hutoa joto na gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka. Hii inahusu pia mkono au kifuniko cha alumini ambacho mtu aliwahi kukibandika kwenye chungu chako.

Zamisha chombo, funika ndoo, andika juu yake kwamba ni sumu, uiweke mahali pa kufungiwa. Baada ya siku mbili kitoe, kisugue kwa stiliwaya ukiwa bado na glavu, kisuuze, na kirudishe kama gamba bado lipo. Kyela kazi huisha kwa siku tatu. Njombe na Makete, katika miezi ya Juni na Julai, vumilia wiki nzima au zaidi, kwa kuwa baridi huidumaza kostiki. Mchanganyiko huo huo unaweza kutumika kwa vyombo kadhaa. Mchanganyiko ukiishiwa nguvu, punguza makali yake kwa maji mengi, uumwage katika shimo la choo, mbali na kisima, bustani na mto.

Asiyetaka kostiki anaweza kurudi kwa bibi zake. Majivu ya maganda ya ndizi, ambayo hayakosekani Rungwe, yakilowekwa usiku na kuchujwa, hutoa maji yenye utelezi na makali ya kiasi. Jaza chungu maji hayo, chemsha saa mbili, sugua, rudia. Itachukua siku kadhaa, na magamba mazito ya nje hayatatoka yote, lakini hatari yake kwa macho ni ndogo kuliko ya kostiki.

Hatua ya sita: ondoa kutu

Kutu nyepesi inayoacha vumbi la rangi ya udongo hutoka kwa stiliwaya, sabuni na mikono. Iliyozama hutoka kwa siki. Changanya siki nyeupe ya kawaida na maji kwa vipimo sawa, zamisha chombo chote ili pasibaki mstari wa kuachana, na baada ya nusu saa kitoe ukisugue. Rudia kwa vipindi vya nusu saa mpaka kutu iishe. Siki haina akili ya kutofautisha kutu na chuma: ikishamaliza kutu huanza kukila chombo chenyewe, na kilicholala humo usiku kucha huamka na ngozi ya kijivu yenye vijitundu. Wala usianze na siki kabla ya kostiki, kwa sababu asidi haipenyi mafuta, nayo itakula pale palipo wazi tu.

Kwa chungu kikubwa ambacho siki yake ingekugharimu kuliko chungu chenyewe, mfuate fundi wa kuchaji betri. Chungu huzamishwa katika ndoo ya plastiki yenye maji yaliyochanganywa na soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4, kikaunganishwa na waya wa hasi wa chaja ya volti 12, huku waya wa chanya ukishika kipande cha chuma cha kawaida kisichogusana na chungu. Umeme hulegeza kutu bila kugusa chuma kizima. Kipande hicho kisiwe chuma kisichoshika kutu, kama cha sinki au vijiko, maana hutoa kemikali ya kromiamu yenye sumu. Kazi ifanyike nje, pasipo moto, na chaja izimwe kabla ya mkono kuingia majini.

Chombo kilichotoka kwenye siki au umeme ni kijivu, uchi, na huanza kutu mbele ya macho yako. Tukuyu, ambako mvua haina likizo, nimeona rangi ya chungwa ikirudi kabla sijamaliza kukunja kitambaa. Kisuuze, kifute, kiweke papo hapo juu ya moto mdogo mpaka kikauke hata ndani ya tundu la mkono, na usikiache hata kwa simu ya dakika tano mpaka kipate mafuta.

Hatua ya saba: kukikomaza kwa mafuta

Chuma hakina ngozi yake. Ule weusi laini unaozuia chakula kushika ni mafuta yaliyopashwa joto mpaka yakabadilika, yakashikana na chuma na kuwa utando mgumu usiooshwa kwa maji. Mafuta yanayokauka vizuri ndiyo yanayofaa, na sisi tumebahatika, kwa kuwa alizeti ya Iringa na Njombe ni miongoni mwa yaliyo bora. Chagua yaliyosafishwa, yasiyo na masimbi. Mafuta ya nguruwe yanafaa. Mawese ya Kyela ni matamu kwenye mboga, lakini hukauka kwa shida na hubaki yakinata.

Kipashe chombo mpaka mkono ushindwe kukigusa, kipake mafuta ndani, nje, miguuni na mkononi, halafu chukua kitambaa kingine kikavu cha pamba uyafute yote. Ninaposema yote ninamaanisha kwamba chombo kionekane kikavu. Mafuta yatakayobaki kwenye vinyweleo vya chuma yanatosha, na yanayozidi yatakusanyika yakawa matone ya kunata, kosa ambalo kila anayeanza hulifanya, nami nililifanya mara nne.

Mwenye oveni akipindue chombo ndani yake, awashe nyuzi 230, aache saa nzima tangu joto lifike, kisha azime na kukiacha kipoe humo humo. Wengi wetu hatuna oveni, na tanuri la kuokea mikate hufanya kazi hiyo vizuri baada ya mkate wa mwisho kutoka. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yawe na majivu meupe, pindua chombo juu ya wavu ulioinuliwa kwa matofali kiasi cha shibiri moja, na ukifunike kwa debe la bati lililotobolewa. Kipimajoto hakihitajiki, kwa sababu mafuta yenyewe yatasema. Alizeti iliyosafishwa huanza kufuka kwenye nyuzi 225 hivi. Moshi mwembamba wa bluu maana yake joto linatosha, moshi mzito maana yake punguza makaa, na moshi ukishakatika wenyewe wakati joto bado lipo, utando umekomaa. Fanyia nje.

Baada ya mara ya kwanza rangi itakuwa ya kahawia na utavunjika moyo. Rudia mara nne au tano, kila mara mafuta machache kama awali. Mfuniko usisahaulike, na mdomo wa chungu pale mfuniko unapokaa upewe uangalifu zaidi, maana ndipo mvuke hukusanyika na kutu huanzia.

Hatua ya nane: wiki za mwanzo jikoni

Utando mpya bado ni dhaifu. Uanzishe kwa chapati, viazi vya kukaanga au nyama yenye mafuta yake, na uuepushe kwa mwezi mzima na nyanya, ndimu na ukwaju, ambavyo asidi yake huubandua na kuupa mchuzi ladha ya msumari. Maharage yanayochemka nusu siku nayo huudhoofisha, basi kande ya kwanza ingoje. Usimwagie maji baridi chombo kilichotoka motoni. Asubuhi moja ya Julai, Njombe, nilitia maji ya bomba katika kikaango cha moto ili kiloweke haraka; kililia “tak!” mara moja, kama kijiti kinachovunjika, na nikabaki na vipande viwili.

Sabuni kidogo ya kuoshea vyombo haina madhara. Adui halisi ni desturi yetu ya kuloweka chungu cha ugali mpaka kesho ili ukoko ulainike, kwani usiku mmoja wa maji hurudisha kutu uliyoipigania wiki mbili. Ukoko huo uutoe chungu kikiwa bado na joto: tia maji ya moto kikombe kimoja au viwili, rudisha motoni yachemke dakika tano, kwangua kwa mwiko, mwaga, sugua, kausha juu ya makaa yaliyobaki, na upake tone la mafuta ukilifuta kama ulivyofanya mwanzoni. Kihifadhi bila kukifunika, au uweke karatasi kati ya mfuniko na mdomo ili hewa ipite.

Pakianza kunata, tatizo ni mafuta yaliyozidi, nawe kipashe tena saa moja bila kuongeza kitu. Utando ukibanduka vipande vipande, sugua sehemu hiyo tu, kausha, urudie hatua ya saba mara mbili; hakuna haja ya kurudi kwenye kostiki. Doa dogo la kutu lililotokea baada ya mvua za Machi lisugue kwa chumvi kavu na kipande cha kiazi kibichi, suuza, weka motoni, paka mafuta, kisha endelea kupika.